Naomba ushauri: "pinch", "dash", "a bit", "few"... huyu bosi wangu jikoni anamaanisha kiasi gani?

Jiko_la_Pwani

Wakuu salaam. Mimi ni mpishi msaidizi kwenye hoteli moja kaskazini mwa Unguja. Mwezi wa pili huu tumeletewa mpishi mkuu mpya, Mwingereza. Mtu mzuri, hana matusi, hapigi kelele. Tatizo ni vipimo vyake. Kiingereza cha kuombea kazi ninacho, cha kumwelekeza mgeni choo kilipo ninacho, lakini huyu bwana hataji gramu wala kijiko. Kwake kila kitu ni "a pinch" ya hiki, "a dash" ya kile, "just a touch".

Wiki ya kwanza aliniambia niweke "a knob of butter" kwenye sosi. Knob ninayoijua mimi ni ile unayoshika kufungua mlango. Nikakata siagi ya ukubwa huo huo. Sosi ikaelea mafuta kama bandarini.

Juzi ndiyo kubwa. Supu ya samaki iko tayari, akaonja, akasema "There's little salt in this", halafu akatoka kupokea ndizi. Mimi nikaelewa chumvi imo kidogo, kwa hiyo mambo safi. Nikapakua. Usiku akaniita: "Quite a few guests complained." Nikasema moyoni afadhali, kumbe ni wachache tu. Nikatabasamu. Wakuu, alivyoniangalia! Mpaka leo sijui nilikosea wapi. Nisaidieni kabla sijarudi kuuza urojo.

BintiVuga

Pole kaka yangu. Umeponzwa na herufi moja tu. "A little salt" maana yake imo, kidogo, inatosha. "Little salt" bila hiyo "a" ni lawama: chumvi haijakolea, fanya kitu. Na "few" ni hivyo hivyo, ila yenyewe ni ya vitu vya kuhesabika kama vitunguu na wageni, wakati "little" ni ya chumvi, maji, muda. "A few guests" wapo wachache. "Few guests" ni kilio cha mwenye hoteli.

Usijilaumu sana. Kiswahili chetu "ina chumvi kidogo" hubeba zote mbili, unaipata maana kwa sauti ya msemaji na jinsi alivyokunja uso. Wao sura haikunjwi, kazi yote inafanywa na "a".

Sasa "quite a few" ndio mtego wenyewe. Hiyo si wachache. Ni wengi, kibao! "Quite a bit" nayo ni nyingi. Kwa hiyo ulipoambiwa wateja kibao wamelalamika, wewe ukamchekea 😂

Jiko_la_Pwani

Yaa Rabbi. Basi alidhani namdharau.

Kuli_Mstaafu

Mdogo wangu, mimi nimepika melini miaka mingi, nikupe ya jikoni. "Pinch" ni kile unachobana kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Ukitumia vidole vitatu umeshazidisha, na kama una mikono mikubwa kama yangu basi Mungu akusaidie.

Wamarekani walichoka kubishana, sasa wanauza seti ya vijiko vidogo vimeandikwa majina hayo. Kawaida "tad" ni robo ya kijiko cha chai, "dash" ni 1/8, "pinch" ni 1/16, "smidgen" ni 1/32. Kila kimoja nusu ya mwenzake. Kijiko cha chai chenyewe ni kama mililita 5, sasa kaa upige hesabu hiyo smidgen ni nini. Ukipiga chafya imeondoka.

Ila usimpelekee Mwingereza hesabu hizo, atakucheka. Kwake "dash" mara nyingi ni ya maji maji: unatikisa chupa ya siki mara moja, basi. "Splash" ni zaidi ya hapo, unamimina kidogo bila kuogopa. "Drizzle" ni manyunyu, neno lile lile wanalotumia kwa mvua yao, hivyo mafuta yaanguke juu ya samaki kama manyunyu, sio kama masika. "Knob" ya siagi chukua kama ncha ya kidole gumba. Na "dollop" isikudanganye kwa kuwa inatajwa pamoja na hizo: hiyo ni kijiko kilichojaa kitu kizito, krimu au mtindi.

Bibi yangu alipima kwa konzi na ukufi, na pilau yake haikuwahi kurudishwa na mtu.

Mzalendo_Halisi

Mbona yeye asijifunze Kiswahili? Yuko nchi ya watu.

BintiVuga

@Mzalendo_Halisi kweli, lakini mshahara wa ndugu yetu unaingia mwisho wa mwezi huu, sio siku huyo bwana atakapojua "kiduchu".

Dada_wa_Leicester

Niko huku Uingereza mwaka wa tisa, nikuongezee la watu wenyewe. Ukishajua maana za kamusi, kuna maana za Waingereza. Hawa wanatumia maneno ya udogo kupunguza makali. Akisema "it's a bit salty", usidhani chumvi imezidi kidogo tu. Imezidi kabisa, anakuonea haya. "We have a bit of a problem" shika mkoba ujiandae. Mimi nilichelewa kazini dakika arobaini kwa ajili ya theluji, msimamizi akaniambia "you're a tad late" kwa upole hivi. Nikashukuru kwa kuelewa kwake. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya onyo.

Ni kama sisi tunavyosema "nina shida ndogo" halafu mtu anaomba laki tatu.

Mwl_Chaki

Niongeze moja. Yako maneno ambayo karibu kila siku hukaa kwenye kukanusha: "not one iota", "not a jot", "not a shred of evidence". Tafsiri isikuumize kichwa, sema hata chembe, hata punje. Iota ni herufi ya Kigiriki, na "jot" imetokana nayo. Anayesoma Biblia ya Union anaijua kwa sura nyingine, Mathayo 5:18, "yodi moja wala nukta moja". Yodi ni herufi ndogo kuliko zote za Kiebrania.

Na uwe macho: "not a bit" ni hapana kabisa, lakini "not a little" ni nyingi. Hapo hata mimi darasani huwa napumua kwanza.

Kuli_Mstaafu

Mwalimu, huyu anapika supu, hafanyi mtihani. Kijana, dawa ni moja: akisema neno usilolijua, chukua kijiko, mwonyeshe, uliza "like this?" Mpishi wa kweli hachukii kuulizwa. Anachukia kurudishiwa sahani.

Jiko_la_Pwani

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilimfuata nikamweleza ile ya "quite a few", kwamba nilielewa wachache ndiyo maana nilicheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Ya siagi nimeificha.

Leo asubuhi kaniambia "we'll need quite a few onions". Sikuuliza. Nimemenya ndoo nzima, macho yamevimba. Akaja, akaangalia ndoo, akasema "not bad", akaondoka. Hii nayo ni lawama?

Dada_wa_Leicester

Mdogo wangu, kwa Mwingereza hiyo ni pongezi ya mwaka. Kaombe nyongeza leo leo. Ila usimwambie unataka "a bit".