Boeing 737 haikuanza kushuka kuelekea Mombasa: VNAV inafanyaje kazi hasa?

Swali

Habari zenu ndugu. Nina miezi mitatu nikijifunza kurusha Boeing 737-800 katika simuleta ya ndege nyumbani, na safari ninayoirudia zaidi ni ya Nairobi hadi Mombasa. Juzi nilikuwa futi 33,000, kitufe cha VNAV (mfumo unaoongoza ndege kupanda na kushuka kwa mpango wa kompyuta) kikiwa kimewaka, lakini nilipofika mahali ambapo kompyuta ya safari ilipanga tuanze kushuka, ndege iliendelea kwenda usawa uleule. Muda mfupi kabla ya hapo ulitokea ujumbe RESET MCP ALT, ambao sikuuelewa. Jana ilishuka yenyewe, ila kasi ilipanda kutoka noti 280 (maili za baharini kwa saa) nilizoziweka hadi 310, ingawa injini zilikuwa zimepunguzwa kabisa. Kosa ni la programu au ni langu?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, programu haina kosa. VNAV ni mpango, na ruhusa ya kuutekeleza inatoka kwenye dirisha la mwinuko, yaani kidirisha cha namba kilicho kwenye paneli ya MCP mbele yako. Ikiwa dirisha hilo bado linasoma 33,000, ndege haitashuka hata futi moja, kwa kuwa katika urukaji wa kweli kompyuta haiwezi kujua kama mwongozaji wa ndege aliye ardhini amekwisha kukuruhusu kushuka. Rubani ndiye anayepokea ruhusa hiyo na kuzungusha kitufe hadi mwinuko alioruhusiwa. Ujumbe uliouona ulikuwa unakukumbusha jambo hilo hasa, nao hutokea zikiwa zimebaki maili 5 hivi. Mimi hushusha namba mapema, zikiwa zimebaki maili 20, kisha naiacha ndege ianze yenyewe. Kwa wanaotumia Airbus A320 utaratibu ni tofauti: hata ukishusha namba, ndege haitaanza kushuka mpaka ukibonyeze kitufe chenyewe.

Jibu la pili

Naomba niongeze kuhusu kasi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Wakati wa kupanda, injini hutoa nguvu iliyopangwa, na pua ya ndege huinuliwa au kushushwa ili kulinda kasi. Wakati wa kushuka kwa VNAV PTH, yaani VNAV ikifuata mteremko uliopangwa, pua hulinda mteremko wenyewe, na injini zikishapunguzwa kabisa, hakuna kilichobaki cha kuizuia kasi isipokuwa wewe na breki za hewa zilizo juu ya mabawa.

Mteremko huo huchorwa kwa kufuata upepo ambao kompyuta imeambiwa. Chukua mfano wa ndege inayokwenda noti 400 juu ya ardhi: ili ifuate mteremko wa nyuzi 3, inapaswa kushuka futi 2,000 hivi kwa dakika. Ukitokea upepo wa noti 40 kutoka nyuma, mwendo unakuwa noti 440, na mteremko uleule unadai futi 2,200 kwa dakika. Futi hizo 200 za ziada ndizo zinazogeuka kuwa kasi. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya safari fungua ukurasa wa kushuka, DES, ingia FORECAST, uandike upepo wa miinuko utakayopita kabla hujaanza kushuka.

Hesabu ya mkono nayo usiiache: maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000. Kutoka futi 33,000 hadi Mombasa, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, unahitaji maili 99, na uongeze 10 za kupunguza kasi. Safari nzima ina maili 230 hivi, kwa hiyo karibu nusu yake ni kushuka.

Jibu la tatu

Mimi huzima VNAV na kutumia V/S, ambapo unachagua mwenyewe futi za kushuka au kupanda kwa dakika. Naweka futi 1,800 kwa dakika, nami najua ndege inafanya nini.

Jibu la kwanza, tena

Kwa kushuka kidogo sina pingamizi, lakini mtu anayejifunza ajihadhari. V/S hutii namba uliyoipa na haijali kasi inakwenda wapi. Ukiomba kupanda kwa namba kubwa karibu na futi 33,000, ndege itainua pua huku kasi ikipungua hadi hatarini. Ukichelewa kushuka, kama ilivyotokea juzi, ni afadhali LVL CHG (kitufe cha kubadili mwinuko) pamoja na breki za hewa, kwa sababu hapo pua inalinda kasi, kisha ukiupata mteremko unarudi VNAV.

Mwuliza swali

Ahsanteni sana. Leo niliandika upepo, nikashusha dirisha hadi futi 3,000 mapema, na ndege ikainamisha pua yenyewe. Kasi ilifika 287 tu, nikavuta breki za hewa kidogo, ikarudi 280. Ujumbe ule haukutokea tena.