Bibi Titi alianguka vipi Rufiji mwaka 1965?

Mjomba wa Kimara:
Wakuu, salaam. Kila asubuhi nashuka mwendokasi pale DIT, Morogoro Road inapokatana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, navuka naenda kibaruani. Juzi binti wa dada yangu, yuko darasa la sita, kaniuliza: "Mjomba, huyu Bibi Titi alikuwa mbunge wa wapi?" Nikamjibu Rufiji. Akauliza mbona aliacha. Nikamwambia alifungwa kwa kesi ya uhaini.

Usiku nikaingiwa na shaka. Nikakuta mahali imeandikwa alishindwa uchaguzi wa 1965, kesi ikaja baadaye sana. Inakuwaje? Mwanamke aliyewatoa akina mama majumbani wakaingia TANU, waziri mdogo, mwenyekiti wa kwanza wa UWT, ule umoja wa wanawake, ashindwe kwenye jimbo moja? Mwenye kujua anisaidie, sitaki kumlisha mtoto uongo.

Mpiga Kura Mzee:
Ni kweli alishindwa 1965. Na hakuwa peke yake, hata Paul Bomani, waziri wa fedha, alianguka kwao Mwanza uchaguzi huohuo. Uhaini ni 1969. Usichanganye.

Mwalimu Mstaafu, Ilala:
Mwanangu wa Kimara, marehemu mama yangu alikuwa mwana-TANU wa hapahapa Ilala, kwa hiyo haya nimekua nayo.

Titi hakutokea ofisini. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, kikundi chao kikiitwa Bomba. Mwaka 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Ndipo Titi akakabidhiwa kazi. Naye akaenda kwa watu anaowajua: viongozi wa vikundi vya ngoma. Kila kikundi kilikuwa na mkubwa wao, na mkubwa akikubali, basi kikundi kizima kimekubali. Wauza maandazi, wapika pombe, wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka nini. Kufika Oktoba mwaka uleule walishaandikishwa wanawake 5,000.

Mama alikuwa mmoja wao. Baba alikuwa karani wa serikali ya Mwingereza, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, kwa hiyo mama aliifunga kadi yake kwenye kipande cha kanga akaifukia ndani ya debe la mchele. Kila akipima mchele wa jioni, vidole vinaigusa. Kadi ninayo mpaka leo. Kona moja imetafunwa na mende, lakini stempu za ada zinasomeka.

Sasa tuje 1965. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, na watu wengi wa umri wako hamjui ulivyoendeshwa. Kila jimbo TANU iliweka wagombea wawili, wote wanachama wake. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Wanazunguka pamoja, jukwaa moja, mikutano inaandaliwa na chama wilayani. Hakuna kuitisha mkutano wako, hakuna kugusa dini wala kabila. Sera ni ileile kwa wote wawili. Mpiga kura anabaki na jambo moja tu la kupima: yupi kati ya hawa ni mtu wetu, yupi tukimtafuta tunampata?

Hapo ndipo naona Titi alipokwama, na haya ni maoni yangu. Alizaliwa Dar mwaka 1926, akakulia Dar, na wale wanawake wa ngoma waliombeba walikuwa wa Dar. Halafu akawa na uwaziri mdogo wa maendeleo ya jamii, na UWT ya nchi nzima tangu 1962. Mtu wa namna hiyo anaonekana jimboni mara ngapi? Na ule uwezo wake mkubwa, wa kukaa na wanawake uani mpaka wakaelewana, haukuwa na nafasi kwenye jukwaa lile. Wakubwa wengi waliangushwa na utaratibu uleule. Bomani aliteuliwa akarudi serikalini. Titi kura zile zilimtoa bungeni moja kwa moja, na mama lilimuuma mpaka anaingia kaburini.

Mjomba wa Kimara:
Shikamoo mama, umenifungua macho. Na kati ya hapo mpaka 1969 alikuwa wapi?

Mwalimu Mstaafu, Ilala:
Marahaba mwanangu. Alibaki Kamati Kuu ya TANU mpaka Azimio la Arusha, Februari 1967. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu. Oktoba 1969 akakamatwa, pamoja na Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, na wengine wakiwamo wanajeshi. Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alishitakiwa akiwa London. Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Telford Georges, Titi akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamwachia huru. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.

Mwambie mtoto ubunge aliupoteza kwa kura, si kwa pingu. Na akiuliza alianzia wapi, usianze na Bunge. Anza na ngoma.

Mjomba wa Kimara:
Nimemweleza jioni hii tukiwa tunakula. Kasikiliza yote, kisha kauliza Bomba walikuwa wakiimba nini. Mama, kuna wimbo wowote marehemu mama yako alikuwa akiukumbuka?