Naombeni ushauri: India Desemba na watoto pamoja na bibi yao. Taj Mahal, chui milia, au vyote?

MamaNasra
Habari zenu ndugu zangu. Tumedunduliza kwa muda mrefu, na mwaka huu Mungu akijalia tunataka kuwapeleka watoto India shule zikifungwa Desemba. Hakuna mgonjwa, nasema mapema, maana hapa Dar ukitaja India kila mtu anakuuliza nani anaumwa. Ni matembezi tu. Tutakuwa mimi, mume wangu, watoto watatu (mkubwa yuko kidato cha pili, wa kati darasa la nne, mdogo ana miaka sita) na mama mkwe wangu, ambaye goti linamsumbua lakini hataki kuachwa nyumbani.

Kila mmoja ana lake. Mama mkwe anataka Taj Mahal, basi, mengine yote kwake ni nyongeza. Mkubwa anataka chui milia, usiku na mchana anasoma habari za mbuga ya Ranthambore. Baba yao ni mtu wa historia, ameshaandika Delhi, Jaipur, mapango ya Ajanta na Ellora, tena Varanasi. Muda wetu ni kama wiki mbili na tutaingilia Mumbai kwa ndege ya moja kwa moja. Wakala mmoja ametuletea ratiba ya miji minane, karibu kila usiku hoteli mpya. Nimeisoma nikamfikiria mama na goti lake, nikaona haiwezekani.

Wenye kuijua India, tukate nini? Desemba kweli ni wakati mzuri kama tunavyoambiwa? Na kwa mtoto aliyekwisha kuona simba Mikumi, mbuga za kule zina jipya la kumwonyesha?

BintiKisutu
Dada, hongereni kwa safari, na shikamoo yangu mfikishie mama. Mimi huenda mara kwa mara kwa ndugu wa upande wa babu, kwa hiyo nakuambia ninachokijua. Hiyo ratiba mrudishie mwenyewe. Ajanta na Ellora ziko jimbo la Maharashtra, upande wa Mumbai, Varanasi iko mbali mashariki kwenye mto Ganga. Ukizilazimisha ziungane na Agra, mji wenye Taj Mahal, mtashinda stesheni. Ziacheni kwa safari nyingine.

La pili ni ukungu. Mchana wa Desemba ni mzuri mno, kijua cha kuota. Lakini kuanzia katikati ya mwezi mpaka Januari, Delhi na Agra hufunikwa na ukungu mzito asubuhi. Treni huchelewa saa kadhaa, ndege vilevile. Watalii huambiwa waende Taj Mahal alfajiri waone jua likichomoza, na msimu huo unaweza kusimama mbele ya bwawa lake usione hata kuba. Nyinyi nendeni kuanzia saa sita mchana. Na barabara kuu ya Delhi na Agra msiipite usiku wala alfajiri. Majira ya baridi magari hugongana humo kwa mkururo kwa sababu ya ukungu huohuo, na una watoto ndani ya gari.

Ijumaa Taj haipokei watalii, ni siku ya sala katika msikiti wake. Tiketi ya mgeni ni rupia 1,100, na kuingia kwenye jengo la makaburi unaongeza 200. Watoto wa chini ya miaka 15 hawalipi. Magari ya kawaida hayasogei karibu, kwa hiyo kutoka maegeshoni mtapanda vigari vya umeme, na langoni ulizieni kiti cha magurudumu. Penye ngazi ni lile jukwaa la marumaru, hapo baba watoto na kijana mkubwa wamshike mama taratibu.

Lakini msianzie Taj. Anzieni Ngome ya Agra. Humo ndimo Aurangzeb alimofungia baba yake, mfalme Shah Jahan aliyejenga Taj, kuanzia 1658 mpaka mzee akafa 1666. Kuna kibaraza cha marumaru kinaitwa Musamman Burj, nguzo zake zimetiwa maua ya mawe ya rangi. Ukisimama pale unaiona Taj kwa mbali, pale mto Yamuna unapokunja. Watoto waambieni kwamba mkewe, Mumtaz Mahal, alifariki 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, kaburi likaanza kujengwa mwaka uliofuata, na kwamba mumewe alimalizia umri wake akiliangalia kutoka kibarazani hapo. Wakija kuingia Taj kesho yake, hata huyo wa miaka sita atakuwa anajua analiliwa nani.

DerevaWaTarangire
MamaNasra, kazi yangu ni kuzungusha wageni Tarangire na Serengeti, na Ranthambore nimefika kama mgeni. Nijibu la kijana.

Jipya lipo, tena kubwa. Kwetu mnyama unamwona kwa macho, uwanda umefunguka. Ranthambore ni msitu mkavu, makorongo na maziwa, na chui milia hutembea peke yake, kwa hiyo anatafutwa kwa masikio. Dereva anazima gari, wote mnanyamaza. Kulungu mkubwa anayeitwa sambar anatoa mlio mmoja mzito. Paa wa madoa wanainua mikia, wote wameelekeza pua upande mmoja. Yule nyani wa kijivu mwenye uso mweusi anakohoa kutoka juu ya mti. Hapo muongozaji anajua mnyama yuko wapi na anaelekea wapi, gari linawashwa, linakwenda kumsubiri mbele ya njia. Nimeona nyayo mbichi zimekanyaga juu ya alama za tairi letu wenyewe, maana yake alipita nyuma yetu sisi tukimtafuta mbele. Mtoto anayependa wanyama ataupenda utafutaji huo hata kabla hajamwona mwenyewe.

Na ajue anaweza asimwone. Msichukue mzunguko mmoja. Chukueni mitatu au zaidi, asubuhi na alasiri, kanda tofauti, maana mbuga imegawanywa kanda na gari lako halitoki nje ya ile uliyopangiwa. Kuna vijipu vya wazi vya watu sita vinaitwa Gypsy, na kuna Canter za watu ishirini. Kwa familia, Gypsy. Canter ina kelele, na nusu ya kazi kule ni kusikiliza.

Tena ndani ya mbuga kuna ngome kongwe juu ya jabali, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2013 pamoja na ngome nyingine za milimani za jimbo la Rajasthan. Baba watoto naye atapata chake palepale.

Mwanafunzi_Baroda
Shikamoo mama. Niko Vadodara, ndiyo Baroda, jimboni Gujarat, kwa masomo. Naomba nipingane na wakubwa kwa heshima: mkishatua Mumbai, kwa nini mkimbilie kwenye ukungu wakati Gujarat iko hapo jirani? Desemba kwetu huku anga ni safi, na treni ya Mumbai hadi Ahmedabad ni safari ya nusu siku tu.

Hesabu yangu ni hii. Msitu wa Gir ndiyo makao ya mwisho ya simba wa Asia porini. Karne moja na ushee iliyopita walikaribia kwisha, Nawabu wa Junagadh, mtawala wa huko, akapiga marufuku kuwawinda, na sensa ya 2025 imehesabu 891. Watoto waliomwona simba wa Mikumi watamwangalia huyu kwa makini: nywele za shingoni ni chache, masikio yanaonekana wazi, na tumboni ana kunjo la ngozi linaloning'inia kwa urefu wote. Mna la kulinganisha ambalo mtalii wa Ulaya hana.

Na pembeni ya Gir, kijiji cha Jambur, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliovuka bahari hii karne kwa karne, wengine watumwa, wengine mabaharia na askari. Sura ni za kwetu, lugha ni Kigujarati. Ngoma zao za dhamal, zile za kumkumbuka walii, ukizisikia utageuka uangalie kama uko Bagamoyo. Nilipojitambulisha kwamba natoka Tanzania, mzee mmoja alinishika mkono akaniketisha kwenye kitanda cha kamba, tukanywa chai bila kuelewana zaidi ya majina ya nchi. Mkienda, msiende na kamera mbele. Salimieni, kaeni. Wenyewe wamechoka kuchezeshwa kwa ajili ya wageni wa hoteli.

Hata Ahmedabad penyewe, msikiti wa Sidi Saiyyed wa 1573 ulijengwa na mtu mwenye asili ya Afrika. Dirisha lake la jiwe lililochongwa mti wenye matawi yaliyosukana ndilo nembo ambayo jiji zima linajivunia. Mimi ningependa mtoto wa Kitanzania asimame mbele ya dirisha lile kabla ya Taj.

BintiKisutu
Mdogo wangu, umeandika vizuri na Gujarat ndiyo asili yetu, siwezi kuipinga. Ila kutoka Ahmedabad mpaka Sasan Gir ni siku nzima ya gari, na siku nyingine ya kurudi. Na mama anataka Taj. Watu wazima hawaombi mara nyingi.

KakaMvita
Salaam kutoka Mombasa. Nimewapeleka wanangu upande huo, niongeze ya karatasi maana ndiyo huangusha safari.

Viza ombeni mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India, ile yenye gov.in. Zipo nyingi zinazofanana nayo zinazochaji mara mbili tatu. Kila mtoto ana ombi lake, na pasi iwe na miezi sita mbele. Ile viza ya siku 30 huombwa ndani ya mwezi mmoja kabla ya kufika, kwa hiyo msitangulie sana wala msichelewe.

Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, bebeni wote. Kwetu Kenya na Uganda ni lazima, na nyinyi mkibadilisha ndege Nairobi mnaweza kuulizwa. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, usichome wiki ya safari. Asiye na kadi hutengwa siku sita, na hakuna bibi wa kukaa karantini siku sita.

Jaipur wapeleke watoto Jantar Mantar, mahali pa kupimia nyota palipojengwa na Jai Singh II, yule aliyeanzisha mji 1727. Kuna saa ya jua ya jiwe yenye urefu wa mita 27. Mwambie mdogo aweke kidole penye ukingo wa kivuli, atakiona kinatembea. Wangu waligoma kuondoka. Ngome ya Amber pandeni kwa jipu. Ndovu wanaopandisha watalii kile kilima kwenye mawe moto wana vidonda miguuni na wengine macho yameharibika. Hilo nakuomba kama ndugu.

MamaNasra
Mungu awabariki, nimesoma kila neno na mume wangu ameketi hapa ananisomea mara ya pili. Nimebaki na moja. Hivyo vijipu vya Ranthambore vinatikisika? Mama nimwache hotelini kila siku tukienda kuangalia wanyama? Sitaki aje India kuangalia ukuta.

DerevaWaTarangire
Vinatikisika, dada, tena sana. Goti bovu halitapenda. Lakini usimwache bila mnyama. Kutoka Ranthambore pandeni treni stesheni ya Sawai Madhopur, saa mbili na ushee mko Bharatpur. Pale kuna mbuga ya Keoladeo, kilomita za mraba 29 tu, tambarare yote, na Desemba imejaa ndege waliokimbia baridi ya kaskazini. Hamwingii na gari. Mnakaa kwenye riksho, na hao waendesha riksho wamefundishwa ndege, wengine wana darubini na wanakutajia kila jina. Mama anaketi kwenye kiti chenye mto, shali begani, anapitishwa polepole katikati ya maji na korongo wenye mabawa ya waridi. Zamani machifu walikuwa wakipiga ndege risasi hapo. Mwaka 1938, siku Gavana Mkuu wa Waingereza, Linlithgow, alipoalikwa, waliangusha zaidi ya ndege elfu nne kwa siku moja, na rekodi imechongwa kwenye jiwe humohumo mbugani. Msomesheni kijana hilo jiwe.

Kutoka hapo mpaka Agra haifiki kilomita 60, na katikati ya njia ndipo ilipo Fatehpur Sikri, mji alioujenga mfalme Akbar kuanzia 1571 na kuuacha baada ya miaka isiyozidi kumi na tano. Baba watoto apewe saa zake mbili.

MamaNasra
Basi tumekubaliana hapa nyumbani. Mumbai, ndege mpaka Jaipur, Ranthambore, Bharatpur, Agra, kisha Delhi siku chache mama akasali Jama Masjid, na kurudi. Baba yao ameifuta Varanasi kwa mkono wake. Gujarat imenichoma moyo, mwanangu wa Baroda, hasa habari ya Jambur. Wa kati ameniomba nimwonyeshe dirisha la Ahmedabad na sasa anajaribu kulichora. Tutaanza kudunduliza tena.

Nafasi za Ranthambore tushike lini?

KakaMvita
Acheni siku ya ziada Mumbai kabla ya ndege ya kurudi Dar. Ukungu wa Delhi ukishika, ndege ya ndani haikusubirishii ile ya kimataifa.

DerevaWaTarangire
Ranthambore shikeni mapema iwezekanavyo. Wiki ya Krismasi Wahindi wenyewe wako likizo, Gypsy huisha siku ileile nafasi zinapofunguliwa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi, na langoni mbebe pasi halisi, za watoto pia. Na nguo: gari ni la wazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi baridi inakata masikio kama Ngorongoro ukingoni. Tafuteni majaketi na kofia za sufu kwenye mitumba ya Karume kabla hamjaondoka, na vidole vya mdogo msivisahau.