Wireshark haioni adapta, au ni draiva mbili zinagombana?

mwana_makorora:
Wakuu habari za mihangaiko, nipo Tanga hapa Makorora, naombeni msaada maana toka juzi kichwa kinauma. Nina laptopu ya Windows 10 najifunzia mambo ya netiweki, nina programu moja ya zamani ya kuigiza ruta ilikuja na WinPcap yake humohumo (draiva ya kunasa data inayopita kwenye netiweki) na ilikuwa inapiga kazi poa tu. Sasa juzi nikaweka Wireshark mpya, ile programu ya kunasa na kusoma pakiti (vipande vya data vya netiweki), ikaniwekea Npcap, draiva nyingine ya kazi hiyohiyo, tangu hapo nikiifungua mara naona Wi-Fi mara orodha tupu kabisa, na nikiwasha VPN ndo intaneti inakata mpaka niristati. Nikaitoa WinPcap, ile ya ruta ikagoma eti wpcap.dll, faili la WinPcap, haipo, nikairudisha, balaa likaanza upya. Yaani nikiziba huku kunavuja kule. Hivi hizi draiva haziwezi kukaa nyumba moja?

fundi_chumbageni:
Zinaweza mkuu, ila kama wake wenza, usishangae kelele. WinPcap toleo la mwisho ni 4.1.3 la 2013, imejengwa kwa NDIS 5, utaratibu wa zamani wa Windows. Npcap ya watu wa Nmap, programu ya kukagua netiweki, inatumia NDIS 6, inakaa kama chujio juu ya kadi ya netiweki, na Wireshark wenyewe walihamia huko toka 3.0 mwaka 2019. Kabla hujafuta kitu fungua CMD, dirisha la kuandika amri, kama admini, andika sc query npcap halafu sc query npf (npf ndo draiva ya WinPcap), tuambie ipi iko RUNNING, yaani inafanya kazi.

mwana_makorora:
Nimeandika zote mbili, kimya. Hata kosa haijaleta, imeshuka mstari tu.

binti_raskazone:
Kaka uko PowerShell wewe, dirisha jingine la amri, siyo CMD 😂 humo sc ni kifupi cha Set-Content, amri ya kuandika ndani ya faili, cheki folda uliyokuwepo utakuta faili linaitwa query. Andika sc.exe query npcap. Usijisikie vibaya, mimi lilinilia nusu siku hilo.

mwana_makorora:
Duh! Faili lipo kweli, ndani limeandikwa npf 🙈 Haya, npcap STOPPED, npf RUNNING.

mzee_wa_keboo:
Piga netcfg -d uristati, kwisha habari.

binti_raskazone:
Shikamoo mzee, lakini hapana, hiyo inafagia vifaa vyote vya netiweki, ataanza kuweka VPN upya na kila kitu. Hiyo iwe ya mwisho mengine yote yakishindikana.

fundi_chumbageni:
Naunga mkono. Fanya hivi, toa zote mbili, ristati, kisha ingia folda za Windows za System32 na SysWOW64 uangalie kama wpcap.dll na Packet.dll zimebaki, maana mara nyingine zinabaki zikiwa zinatumika. Zikiwepo usizifute, badili jina tu uongeze .zamani mwishoni. Halafu weka Npcap mpya na hapo usibonyeze Next Next kama tunavyozoea, kuna kisanduku cha "WinPcap API-compatible Mode", weka tiki. Hicho ndo kinaifanya ile programu yako kuukuu idhani WinPcap bado ipo, kwa hiyo WinPcap yenyewe usiirudishe tena. Ya VPN ni kesi nyingine, nayo ina chujio lake na antivairasi mara nyingi pia inalo, kwa hiyo fungua propatizi za adapta ya VPN, toa tiki ya Npcap Packet Driver, jaribu. Moja moja, ukigusa vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimetibu.

binti_raskazone:
Na kama unataka kunasa pakiti bila draiva ya nje, Windows 10 toka toleo la 1809 ina pktmon ndani kwa ndani. Halafu nase za kwako tu jamani, siyo za wateja wa Wi-Fi ya kibanda cha jirani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina masihara.

mwana_makorora:
Za kwangu tu dada 😅 Mrejesho: wpcap.dll ilikuwa imebaki SysWOW64, nimebadili jina, nikaweka Npcap na tiki, Wireshark inaona Wi-Fi na ile ya ruta imefunguka. VPN mwanzo iliendelea kukata, nikatoa tiki kwenye adapta yake, sasa ina masaa matatu haijayumba. Antivairasi sijaigusa kabisa. Fundi ukipita Makorora jioni kahawa na kashata juu yangu.

fundi_chumbageni:
Nakuja leo leo, usije ukabadili namba ya nyumba kama ulivyobadili hiyo dll.