Koksineli iliyolala chini ya mwembe: nianze kutengeneza wapi?

Mkaaji wa Kampemba

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mwezi uliopita nilinunua kwa dola 350 Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe, ile ambayo huku kwetu tunaiita Koksineli, kutoka kwa mzee aliyekuwa ameiacha chini ya mwembe kwa misimu mingi ya mvua. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma, na mzee alisisitiza kwamba mayai hayamo katika bei. Gari la kwenda kazini ninalo. Hili nalitaka la kujifurahisha Jumapili, na likipona nilipeleke hadi Likasi na kurudi. Nimebakiwa na dola 600. Fundi mmoja anataka tuifungue injini yote, ilhali jirani yangu ananihimiza nianze na rangi ili nisichekwe mtaani. Injini inazunguka kwa mkono, ila bado hatujaiwasha. Je, nianze wapi?

Fundi wa Zamani

Mdogo wangu, hongera, na pole pia. Rangi iache kwanza. Kabla ya kuifungua injini, nenda nyuma ya gari, ishike puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uivute kwako kisha uisukume. Mchezo, yaani kulegea kwake mbele na nyuma, unaoruhusiwa haupiti milimita 0.15, kiasi ambacho mkono hauwezi kukitambua vizuri. Ukisikia inagonga, basi shafti kuu imekwisha kula beringi zake na fundi wako ana haki. Isipogonga, usimruhusu aifungue.

Kisha shughulikia hewa. Injini hiyo haina maji: hupozwa na feni iliyofungwa kwenye shafti ya dinamo, na hewa yake hupita ndani ya mabati yanayozunguka silinda. Gari lililokaa chini ya mwembe hugeuka nyumba ya panya. Niliwahi kutoa ndani ya mabati hayo ndoo nzima ya nyasi na vitambaa, na mwenye gari alikuwa amekwisha kuunguza injini mbili bila kujua sababu. Yafungue mabati, yasafishe, uyarudishe yote, hata kile kipande kidogo kinachoonekana hakina kazi. Mafuta ya injini ni lita 2.5 tu, na kwa kuwa haina filta bali chujio la waya, yabadilishe mapema kuliko ulivyozoea. Na siku mtakapokuwa njiani kuelekea Likasi, taa nyekundu ya dinamo ikiwaka, simama papo hapo, kwa maana mkanda ukikatika feni nayo imekufa.

Dada wa Bel-Air

Namheshimu Baba Fundi, lakini mimi ningeanza na kiti cha nyuma. Kiinue: betri hukaa chini yake, upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu taratibu bila mtu kuona. Chukua bisibisi, uchome bati kila mahali. Panapotoboka patalehemiwa, na huenda kazi hiyo ikameza nusu ya fedha zako. Ukiwa hapo hapo, futa vumbi kwenye mgongo ulio katikati ya sakafu, usome namba ya chasi, kisha uilinganishe na karti rozi, ile hati ya usajili wa gari. Mimi sikufanya hivyo. Namba yangu ilitofautiana na ile ya hati kwa tarakimu moja, nami nikatumia wiki sita nikipanda na kushuka ngazi za ofisi huku gari likiwa zima kabisa uani.

Fundi wa Zamani

Dada amesema kweli, nami nilikimbilia injini kwa mazoea. Niongeze mambo mawili ambayo hayana mjadala. Mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta hupasuka kwa uzee, na petroli ikidondokea injini ya moto, gari linateketea. Badilisha mipira yote, ni fedha kidogo. Pia magari mengi ya kabla ya 1967 yana mfumo mmoja tu wa breki, kwa hiyo bomba moja likipasuka unabaki na breki ya mkono na maombi.

Mkaaji wa Kampemba

Nawashukuru sana, Baba na Dada. Jumamosi nimekiinua kiti. Namba inalingana na hati, na puli haigongi hata kidogo, hivyo injini itabaki imefungwa. Upande wa betri, bisibisi ilipita bila kusita, nami nilipochungulia kwenye tundu niliona udongo mwekundu na yai moja. Mlehemu anakuja Jumanne. Jirani nimemwambia aendelee kucheka.