Obijekti zinabadilika nje ya injini ya kanuni: update(), msikilizaji, au kikao kipya kila ombi?

mpanga_kodi (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tulinganishe. Tuna kikao cha Drools (injini ya kanuni ya Java; kikao ndicho kinachoshika data ambazo kanuni zinazipima) kinachokaa hai mchana kutwa, na ndani yake zimo obijekti za Oda. Hali ya oda na idadi ya bidhaa hubadilishwa na sehemu nyingine za programu zisizojua kabisa kama kuna injini. Matokeo yake, oda imeshafutwa lakini punguzo lake bado linahesabiwa. Naona njia tatu: kuita update(), yaani kuiarifu injini, kila kitu kinapobadilika, kuifanya klasi ijitangaze yenyewe kupitia PropertyChangeListener (msikilizaji wa Java anayepewa taarifa sifa ikibadilika), au kuachana na kikao cha kudumu na kujenga kipya kwa kila ombi. Mngechagua ipi?

nodi_beta

Mkuu, kwanza tuone tatizo linatoka wapi. Rete, algoriti ya kulinganisha kanuni na data aliyoibuni Charles Forgy miaka ya 1970, inapata kasi kwa kukumbuka ulinganishaji uliokwisha kufanyika. PHREAK, algoriti iliyochukua nafasi yake katika Drools 6, huahirisha kazi mpaka ihitajike, lakini nayo inakumbuka. Ukiita oda.setHali("IMEFUTWA") ukaishia hapo, injini haina habari. Tena kuna hatari kubwa kuliko jibu la zamani: kanuni iliyokwisha kutathminiwa inabaki na thamani ya kale, na ile inayotathminiwa baadaye inasoma thamani mpya. Oda moja, ukweli wa aina mbili ndani ya kikao kimoja.

Drools 4 ilikuwa na nakala kivuli za obijekti kwa ajili ya shida hii hii. Toleo la 5 likaziondoa, na jukumu likarudi kwetu.

Mimi nipo na update(), ila iitwe mahali pamoja tu. Weka huduma moja inayoruhusiwa kugusa Oda, ibadilishe kisha iarifu injini papo hapo. Ukitawanya update() kwenye kodi nzima, lazima siku moja mtu atasahau.

sikio_wazi

Ndiyo maana mimi napendelea msikilizaji. Unaandika @propertyChangeSupport kwenye tangazo la aina, klasi lazima iwe na addPropertyChangeListener, na kila seta (mbinu inayobadilisha uga) itangaze badiliko lake. Hakuna wa kusahau.

nodi_beta

@sikio_wazi hilo nakubali, lakini angalia oda inayobadilishwa nyuga tano kwa mpigo. Injini itaarifiwa mara tano, na mara nne za kwanza obijekti iko nusu nusu. Kama kikao kinaendeshwa na fireUntilHalt(), inayofyatua kanuni mfululizo mpaka isimamishwe, kwenye uzi (thread) mwingine, kanuni inaweza kufyatuka katikati ya hapo. Afadhali mabadiliko yote yapite ndani ya submit() ya kikao, yaingie kama tendo moja.

kumbukumbu_fupi

Niwatetee wa njia ya tatu. Kama uamuzi wako unahusu ombi moja na data zake zinatosha kusomwa upya, kikao kisichotunza hali kinalimaliza tatizo lote: ingiza, fyatua, chukua jibu, tupa. Kosa la kusahau kuarifu halina pa kutokea. Gharama ni kusoma data upya kila mara, na kwa mifumo mingi naona ni gharama nafuu mno kulinganisha na kuwinda hitilafu zisizoonekana. Haitakufaa tu pale kanuni zinapolinganisha oda nyingi kwa wakati mmoja au zinapofuatilia matukio ya muda mrefu.

mpanga_kodi

Kwetu kanuni zinalinganisha oda zote za mteja, kwa hiyo kikao lazima kibaki. Nimejaribu huduma moja yenye update(kishikio, oda, "idadi"), kishikio kikiwa rejea ambayo injini hutoa obijekti inapoingizwa. Hali ya oda inakwenda vizuri sasa, lakini kanuni inayosoma jumla haishtuki idadi ikibadilika.

nodi_beta

Jumla ni getJumla() inayokokotolewa kutoka bei na idadi, siyo? Tangu Drools 7, injini hufuatilia sifa moja moja bila kuambiwa. Umetaja "idadi" pekee, na kanuni yako inasikiliza jumla pekee, kwa hiyo haiguswi. Taja zote mbili: update(kishikio, oda, "idadi", "jumla"). Kwa mabadiliko yanayofanywa na modify ndani ya kanuni, weka @Modifies juu ya seta, itaje sifa nyingine zinazoguswa.

Na hilo punguzo lililobaki baada ya oda kufutwa, liingize kwa insertLogical (uingizaji unaotegemea sharti). Sharti lake likikoma kuwa kweli, injini italiondoa yenyewe, mradi umeiarifu.

fundi_hifadhidata

Naongezea kuhusu kishikio. Ukisoma oda upya kutoka kwenye hifadhidata, unapata obijekti nyingine yenye data zile zile, na getFactHandle() itarudisha null kwa sababu kwa kawaida injini hutambua obijekti kwa utambulisho wake. Kuhamia hali ya usawa, ambamo injini hulinganisha obijekti kwa equals, kunasaidia iwapo tu equals na hashCode zinategemea namba ya oda. Zikigusa uga unaobadilika, kishikio kinapotea tena. Tunza mwenyewe ramani ya namba ya oda kwenda kishikio, kisha mpe update() hiyo obijekti mpya.

mpanga_kodi

Asante sana wakuu. Jumla sasa inashtuka, na ramani ya vishikio naiweka ndani ya huduma ile ile.