Naomba ushauri: mama anashindwa kumeza vidonge vya mofini

Ndugu zangu, naombeni mawazo yenu. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Miezi mitatu alikuwa anakunywa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4. Saa nane usiku naamka kumpimia kwa bomba la sindano. Wiki iliyopita daktari kambadilishia vidonge vinavyotoa dawa polepole, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usiku wa kwanza alilala mpaka adhana ya alfajiri.

Shida ni kumeza. Koo limekauka, kidonge anakitema. Shangazi akataka kukitwanga amtilie kwenye uji, nikamuwahi mchi ukiwa mkononi, maana nilikanywa kabisa: ukikivunja, dawa ya saa 12 inaingia mwilini kwa mkupuo na inaweza kumkata pumzi. Aliyeuguza mtu wa hivi alifanyaje? Au turudi tu kwenye ya maji?

La pili, choo. Leo siku ya tano hajapata, papai halijasaidia. Mliotumia dawa ya kulainisha choo, mlianza nayo pamoja na mofini?

Halafu kuna ndugu wanasema namgeuza mama teja. Inaniuma sana. Anatumia kwa kipimo cha daktari, na juzi amekaa barazani akasuka ukili, mara ya kwanza tangu Ramadhani. Nyie wa kwenu mliwaelezaje? Jumatatu tunarudi kliniki.